Zabibu za Mwinuko: Tenga Kila Kipande cha Shamba Mpaka Mvinyo Wake Uonjwe

Zabibu za Dodoma hulimwa kwenye udongo wa namna nyingi. Katika kata ya Mpunguzi kuna kichanga chekundu, kwingine kuna changarawe, na mabondeni kuna udongo mzito unaoshika maji mpaka wiki nzima baada ya mvua kukatika. Ukifika msimu wa mavuno, hata hivyo, mara nyingi zote huingia kwenye tangi moja. Mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo, unauzwa kwa jumla, na mnunuzi hana njia ya kujua ni kipande kipi kilichompa ladha nzuri na kipi kilichoipunguza. Mbaya zaidi, mkulima mwenyewe naye hajui.

Makala haya ni kwa familia zenye shamba la zabibu kwenye mwinuko, hasa Dodoma, ambazo zimeamua kusindika mvinyo wao wenyewe au zinafikiria kufanya hivyo. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: kabla ya kununua mashine na kabla ya kuchapisha lebo, jifunzeni kutenga. Vuneni kipande kwa kipande, chachusheni kipande kwa kipande, onjeni kipande kwa kipande. Mengine yote yanajengwa juu ya hapo.

Familia ya Catena

Nchini Argentina, chini ya milima ya Andes, kuna jimbo la Mendoza. Nicola Catena, mhamiaji kutoka Italia, alipanda huko shamba lake la kwanza la Malbec, aina ya zabibu nyekundu, mwaka 1902. Mjukuu wake, Nicolás Catena Zapata, akataka kupanda kwenye baridi zaidi kuliko wenzake. Mwaka 1992 alianza shamba huko Gualtallary, kwenye bonde la Uco, karibu mita 1,450 juu ya usawa wa bahari. Aliambiwa kwamba zabibu hazingeiva mahali pa baridi namna ile. Ziliiva, na shamba hilo, ambalo alilipa jina la binti yake mdogo Adrianna, leo hutoa baadhi ya mvinyo unaoheshimiwa zaidi Amerika Kusini.

Linalotuhusu zaidi ni hatua iliyofuata. Binti yake mwingine, Laura Catena, ambaye ni daktari wa binadamu, alianzisha taasisi ya utafiti ya familia mwaka 1995. Wakachimba mashimo kuangalia udongo, wakakuta kwamba ndani ya shamba hilo moja kuna sehemu zenye chokaa na mabaki ya mifupa ya kale, na sehemu nyingine zimejaa mawe ya mviringo yaliyoletwa na mto wa zamani. Aina ya zabibu ni ile ile, Chardonnay, na mwinuko ni ule ule, lakini mvinyo ulitofautiana kiasi kwamba wakaamua kuuza chupa mbili zenye majina mawili, White Bones na White Stones. Wangezichanganya tangu shambani, tofauti hiyo isingejulikana.

Msiige kila kitu cha Mendoza. Kule wako nyuzi 33 kusini mwa ikweta, wana majira ya baridi kali yanayoilaza mizabibu, mvua yao ni kama milimita 200 tu kwa mwaka, na maji ya kumwagilia yanatoka kwenye theluji ya milimani. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na mvua yake huwa milimita 500 hadi 600, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mzabibu wetu haulazwi na baridi. Kinachofaa kuchukuliwa kwao ni utaratibu wa kutenga na kupima. Kalenda yao waachieni.

Mwinuko unafanya nini ndani ya tunda

Kila unapopanda mita 100, halijoto hushuka kwa takriban nyuzi 0.6 za selsiasi. Mchana wa Dodoma bado ni wa joto, lakini usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Hapo ndipo faida ilipo. Tunda la zabibu hupumua kama kiumbe chochote kilicho hai, na katika kupumua huko huunguza asidi yake, hasa usiku ukiwa wa joto. Usiku ukiwa baridi, asidi inabaki. Asidi ndiyo inayoupa mvinyo uchangamfu mdomoni, na ndiyo inayosaidia kuulinda usiharibike haraka.

Jua la mwinuko nalo ni kali kuliko la pwani, kwa sababu hewa ya kulichuja imepungua. Tunda hujikinga kwa kutengeneza ganda lenye rangi nzito na tanini nyingi, ule ukakasi unaoshika ulimi. Lakini jua hilo hilo likipiga vishada moja kwa moja saa nane mchana, linavibabua. Kwa hiyo ushauri unaosomwa katika vitabu vya Ulaya, wa kung'oa majani yote yanayozunguka vishada, haufai kwetu. Punguza majani upande wa jua la asubuhi ili hewa ipite na umande ukauke mapema, na upande wa magharibi acha kivuli.

Kupogolea ndiko kunakochagua msimu wa kuiva

Hapa ndipo mkulima wa Dodoma ana uwezo ambao mwenzake wa Mendoza hana. Kwa kuwa hatuna majira ya baridi kali, mzabibu huchipua baada ya kupogolewa, na zabibu huwa tayari baada ya miezi minne hivi au zaidi kidogo, kutegemea aina. Ndiyo maana tunavuna mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Mavuno haya mawili hayafanani. Zabibu za Machi zinaiva mvua ikinyesha, mawingu yakifunika jua, maji yakilijaza tunda na ukungu ukiwa jirani. Za Agosti zinaiva katika ukavu, jua kali mchana na baridi usiku. Kama familia inataka mvinyo unaoonyesha ardhi yake ya juu, naamini kabisa kwamba zabibu za kiangazi ndizo za kutengenezea mvinyo huo. Za masika ziuzwe mbichi sokoni, zikamuliwe juisi, au ziende kwenye mchuzi wa jumla.

Hesabu siku kurudi nyuma. Ukitaka kuvuna mwishoni mwa Agosti, pogolea katikati ya Aprili au baadaye kidogo, mvua zikiwa zinakatika. Ukiwahi sana, machipukizi laini yatakutana na mvua za mwisho na kushambuliwa na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu unaopenda unyevu. Ukichelewa sana, tunda litaiva Oktoba, joto likiwa limesharudi, na asidi uliyoitafuta itakuwa imepotea. Acha pia nafasi ya mzabibu kupumzika. Ukishavuna Septemba, usikate majani kesho yake, kwa kuwa majani hayo ndiyo yanayorudisha chakula kwenye shina na mizizi. Mzabibu unaolazimishwa kuzaa mara mbili kila mwaka bila mapumziko huchoka, na uchovu huo huonekana kwenye rangi ya mvinyo hata kabla haujaonekana kwenye majani.

Mavuno ya kiangazi yanahitaji maji, na umwagiliaji wa matone unafaa kuliko mifereji. Mwagilia vizuri mpaka vishada vifunge, kisha punguza zabibu zinapoanza kubadilika rangi. Kupunguza si kukata: majani yakijikunja asubuhi, umepitiliza. Samadi weka kwa kiasi. Mzabibu ulioshiba naitrojeni hujaa majani, na vishada vyake hukosa hewa.

Jua vipande vyako

Kabla ya msimu, tembeeni shamba zima kama familia. Angalieni wapi mizabibu inakua kwa nguvu, wapi ni dhaifu, wapi maji yanasimama, wapi hewa ya baridi inatuama alfajiri (kwa kawaida ni sehemu ya chini). Chimbeni shimo la mita moja katika kila sehemu inayoonekana tofauti. Mkikuta mwamba au changarawe kwenye sentimita 60 upande mmoja, na udongo wa mfinyanzi upande mwingine, hivyo ni vipande viwili hata kama mstari wa waya ni mmoja. Wekeni alama kwenye nguzo kwa rangi. Kwa shamba la ekari moja, vipande viwili au vitatu vinatosha. Zaidi ya hapo kazi itawashinda.

Kuhusu magonjwa nitasema kwa ufupi. Ubwiri unga, ukungu mweupe unaofanana na unga, hudhibitiwa kwa salfa, na ubwiri vinyoya kwa dawa za shaba, zikipigwa mapema na kwa kipimo cha kwenye lebo. Usipige salfa wakati wa joto kali, na acha kuipiga wiki kadhaa kabla ya kuvuna, kwa sababu salfa inayoingia tangini huleta harufu ya yai bovu. Mchwa na vidung'ata wakaguliwe mara kwa mara. Kwa dawa iliyoruhusiwa, muulize afisa ugani wa kata au wataalamu wa TARI Makutupora, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, ambao zabibu ndiyo kazi yao.

Siku ya kuvuna

Usivune kwa sababu jirani amevuna. Chuma punje mia kutoka kila kipande, ukichukua juu, chini, upande wa jua na upande wa kivuli, zikamue na upime sukari kwa refraktomita, kifaa kidogo kinachosoma sukari kwenye tone la juisi. Kwa mvinyo mwekundu mkavu, sukari ya asilimia 22 hadi 24 inafaa. Asilimia 22 itakupa kilevi cha kama asilimia 12 au 13. Kisha tafuna mbegu. Mbegu ya kijani yenye uchungu inakwambia usubiri, na ya kahawia inayovunjika kama karanga inakwambia ganda nalo limeiva. Usishangae kipande kimoja kikiwa tayari siku nane kabla ya kingine.

Vuna alfajiri, wakati tunda bado lina baridi ya usiku. Tumia kreti za plastiki zisizo na kina kirefu, kwa maana zabibu kwenye kiroba hujikamua zenyewe na kuanza kuchacha barabarani. Zilizooza ziachwe shambani.

Chachusha kidogo kidogo, kila kipande peke yake

Tani moja ya zabibu hutoa takriban lita 600 hadi 700 za mvinyo. Kwa hiyo kilo 30 tu za kipande kimoja zinatoa karibu lita 20, na hizo zinatosha kabisa kwa jaribio. Familia isiyo na matangi mengi inaweza kutumia ndoo za plastiki za chakula zenye mfuniko, kila moja ikiandikwa kipande, tarehe na sukari. Kila kitu kingine kifanane: hamira ile ile ya mvinyo, siku zile zile, chumba kile kile. Hamira ya mikate iacheni jikoni, kwani mara nyingi huchoka kilevi kikipanda na kuacha sukari nusu njia.

Kwa mvinyo mwekundu, zamisha maganda mara mbili au tatu kwa siku, na halijoto ya uchachushaji isipite nyuzi 28. Mweupe unataka ubaridi zaidi, nyuzi 15 hadi 18, jambo ambalo bila mashine ya kupoza ni gumu. Kama huna, anza na mwekundu. Acha madirisha wazi muda wote. Uchachushaji hutoa hewa ya ukaa inayojaa chini ya chumba bila harufu wala rangi, na mtu akiinama ndani ya tangi anaweza kupoteza fahamu na kufa. Watoto wasiingie humo kabisa.

Metabisalfaiti ya potasiamu, inayolinda mvinyo dhidi ya bakteria na hewa, ipimwe kwa mizani: gramu 5 hivi kwa lita 100 hutoa kinga ya takriban miligramu 30 kwa lita. Kukadiria kwa kijiko kumeharibu mvinyo wa watu wengi.

Na jambo moja nalisema kwa uzito: msiongeze sukari wala maji kwenye ndoo hizi za majaribio. Najua soko letu linapenda mvinyo mtamu, na hakuna ubaya kuutengeneza na kuuza. Lakini sukari hufunika ladha ya udongo na ya baridi ya usiku. Ionjeni ardhi yenu kwanza ilivyo, kisha mwamue sokoni mpeleke nini. Kuuza kunahitaji leseni na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kwa mafunzo ya usindikaji mdogo, ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mikoani ni pa kuanzia.

Baada ya miezi mitatu au minne mvinyo ukiwa umetulia, onjeni pamoja, vikombe vikiwa na namba bila majina. Kila mmoja aandike bila kusemezana: upi una rangi nzito, upi una ukakasi mkali, upi unachangamsha mdomo, upi umepooza. Rudieni msimu wa pili na wa tatu, kwa kuwa msimu mmoja unaweza kudanganya. Kipande kinachoshinda mara tatu ndicho kistahili tangi lake na lebo yake. Vingine vichanganywe kwa kujua, kimoja kikitoa rangi na kingine kikitoa asidi.

Mkipanua shamba, chukueni vipandikizi vya mizabibu iliyo bora ndani ya kipande hicho wakati wa kupogolea: fimbo iliyokomaa, unene wa penseli, yenye macho matatu au manne, kutoka kwa shina lisilo na majani ya mabaka wala yanayojikunja. Ipandeni kwanza kitaluni, na andikeni kwenye kila kitalu ilitoka nguzo ipi.