Kabla hujaenda kujitolea kwenye mambo ya kasa na mikoko huku Tanga, soma hii kwanza

Kila ikikaribia siku ya mazingira naona kwenye magrupu watu wanaitana, twendeni Pangani tukaangalie kasa, twendeni tukapande mikoko, na mimi nafurahi kabisa sababu mikono inahitajika. Ila kuna mambo lazima uyajue kabla hujapanda gari, maana nimeshuhudia watu wenye nia safi wakiharibu kitu ambacho hata majangili hawakukigusa.

Kwanza ruhusa. Fukwe hizi zina wenyewe. Ukiwa ndani ya hifadhi ya bahari ya silikanti (yule samaki wa kale), ile iliyoanzishwa 2009, au unataka kwenda kisiwa cha Maziwe ambako ni eneo tengefu tangu 1975, kuna utaratibu na kuna kiingilio. Kijijini pitia serikali ya kijiji na watu wa BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufukwe na uvuvi. Kumjua mwenye hoteli sio ruhusa.

Mavazi: usiku vaa nguo za rangi nzito. Kwenye mikoko vaa raba za zamani za kufunga kamba, kandambili zinabaki kwenye tope na chaza wanakata nyayo vibaya sana. Dawa ya mbu. Maji beba kwenye chupa yako mwenyewe, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019 kwa hiyo usije nayo kwenye zoezi la usafi, inatia aibu.

Uliza maji. Sio uliza saa ya mgeni rasmi, uliza maji yanakupwa saa ngapi, sababu huwezi kupanda mikoko huku bahari imejaa. Afu uliza mnapanda aina gani na wapi. Mlilana unakaa mbele kabisa unakotazama bahari, mkandaa unapenda huku nyuma kunakofikiwa na maji mara chache, ukibadilisha utakuwa umepanda kuni. Mwenye kujua hilo ni mama wa pale kijijini anayeotesha miche, muulize yeye na mfuate anavyosema.

Taa ya simu zima, flashi zima. Vitoto vya kasa vikitoka mchangani usiku vinafuata kule kwenye mwanga, na mwanga unatakiwa uwe wa baharini sio wa picha yako.

Sasa hili la mayai naomba msome taratibu.

Kuna kikundi kimoja cha vijana walikuja kufanya usafi wa ufukwe, asubuhi wakakuta njia ya kasa, alama za mapezi zimepanda juu afu zimerudi majini, na kiota kiko chini ya ule mstari wa mwani unaoachwa na maji ya bamvu, yale yanayojaa kupita siku zote. Wakaona hapa maji yakija mayai yanazama, na kwa hilo walikuwa sahihi kabisa. Mlinzi wa viota namba yake walikuwa nayo, hawakumpigia. Wakafukua kwa mikono, mayai meupe kama mipira ya tenesi ya mezani, zaidi ya mia, wakawa wanapokezana, kila mmoja anashika lake anapigwa picha, wakayamimina kwenye ndoo, ndoo ikapandishwa bodaboda kwenye barabara ile ya mashimo mpaka karibu na kambi yao, wakayafukia kwenye kishimo kifupi wakashangilia.

Mlinzi ni mzee mvuvi, alifika mchana. Hakugomba. Aliingiza mkono kwenye kile kishimo kupima kina, kiganja tu kikapotea, afu akauliza, "Wanangu, mliyageuza?" Wakajibu hatujui mzee. Akafuta mchanga mkononi akanyamaza.

Kasa mayai yake huchukua kama miezi miwili kuanguliwa. Tulisubiri, siku zikapita, na mimi nilikuwepo siku ya kufukua. Yalikuwa ya njano, yamebonyea, harufu mbaya, halikuanguliwa hata moja.

Sababu ni hii. Yai la kasa likishatagwa, ndani ya masaa machache kile kiumbe kinajishikiza juu kwenye ukuta wa yai. Ukiligeuza baada ya hapo kinabanduka kinakufa, na kwa nje yai linaonekana zima tu, yani unaweza kukaa unalinda maiti miezi miwili. Ndo maana waliofundishwa wanahamisha mapema, kila yai linashikwa vile vile lilivyolala, ndoo ina mchanga mbichi, na shimo linachimbwa kina kile kile cha mama yake, sababu joto la mchanga linaamua pia watoke madume au majike. Watu wanasikia mayai ya Maziwe yanahamishiwa ufukwe wa Ushongo huku bara kila msimu wanadhani ni kubeba tu. Maziwe miti iliisha, kisiwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa na maji, kule hamna namna, na wanaohamisha wamesomea kazi hiyo.

Kwa hiyo ukikuta kiota: usikanyage, usifukue, usipande kijiti cha alama maana mwizi naye anakiona. Piga simu, kaa hapo mpaka mlinzi afike, mtandao ukikataa tuma mtu. Na usiposti ni wapi.

Ukiongea na wanakijiji usiende na maneno ya kuwatukana waliokula kasa, wazee wengi walilelewa hivyo. Waambie yaliyotokea Pemba 2021 na tena 2024, watu wakiwemo watoto walikufa baada ya kula nyama ya kasa, sumu ile hata ukipika haitoki. Hilo linasikilizwa kuliko hotuba.

Mengine ni ya kawaida. Kipindi cha upepo wa kusi bahari ya kuelekea Maziwe inachafuka, usilazimishe, nahodha akisema leo hapana ni hapana. Vaa laifu jaketi, sio kuikalia. Kivuko cha Pangani usikichelewe. Beba dawa zako na hela ya kurudi, waambie nyumbani unarudi saa ngapi, na ukiona boti imejaza watu kupita kiasi shuka, wenzako wakinuna wanune.