Namna ya Kuzirudia Filamu za Kale za Wanyonya Damu

Anza na Dracula ya 1931. Itazame usiku, taa zimezimwa, sauti umeipandisha kidogo kuliko ulivyozoea, kwa sababu ukiacha muziki wa Tchaikovsky mwanzoni na lile tukio la ukumbi wa muziki, filamu hii karibu haina muziki kabisa. Wengi huuona ukimya huo kuwa upungufu. Mimi nautetea kwa moyo wote. Ndio unaokusikilizisha mlango ukilia na mbwamwitu wakibweka mbali, na ndio unaompa Bela Lugosi, anayemwigiza Dracula, nafasi ya kulivuta kila neno mpaka likutie baridi. Lipo toleo lililotiwa muziki wa mtunzi Philip Glass miaka ya 1990. Muziki wenyewe ni mzuri, ila usianze nalo.

Usingoje meno. Lugosi haonyeshi chonge hata mara moja. Tazama vidole vyake, na yale macho ambayo mpiga picha Karl Freund aliyamulika kwa vitaa vidogo. Ukifika kwenye ngazi za ngome, rudisha nyuma uangalie tena: Dracula anapita penye utando mkubwa wa buibui na utando unabaki mzima, kisha mgeni wake Renfield anayemfuata inambidi aupasue kwa fimbo. Hila yenyewe ni kukata picha tu, na umeshajua mwenyeji huyu si binadamu.

Hadithi ikihamia London mwendo unapooza. Watu wanasimama sebuleni wakisimulia mambo ambayo tungetaka kuyaona. Hapo mfuate Dwight Frye, yule Renfield, hasa kicheko chake anapogunduliwa ndani ya meli.

Kesho yake weka toleo la Kihispania la mwaka huohuo. Kikosi cha Tod Browning, mwongozaji wa ile ya Lugosi, kilikuwa kikipiga picha mchana. Usiku kikosi cha George Melford kiliingia katika seti zilezile na waigizaji wengine, Carlos Villarías akiwa Dracula na Lupita Tovar akiwa msichana anayewindwa. Ni refu zaidi, dakika 104 hivi dhidi ya 75. Chukua tukio la ngazi ulitazame katika matoleo yote mawili, moja baada ya jingine. Kamera ya Melford inapanda kumfuata Dracula, ya Browning imetulia. Kwa kamera nampa Melford. Kwa Dracula mwenyewe, Lugosi hana mpinzani. Villarías anatumbua macho kupita kiasi.

Mark of the Vampire ya 1935 usiisomee chochote kabla, maana mwisho wake ukishaujua umeharibikiwa. Browning alikuwa akiirudia filamu yake mwenyewe ya 1927, London After Midnight, ambayo nakala ya mwisho iliyojulikana iliteketea katika moto wa ghala la studio ya MGM mwaka 1965. Tafuta picha zake za mnato zilizobaki: mwigizaji wake Lon Chaney na kofia yake ndefu na meno kama msumeno. Inauma kwamba hatutaiona.

Halafu Dracula's Daughter ya 1936, niipendayo kuliko zote baada ya ile ya kwanza. Gloria Holden ni mnyonya damu asiyetaka kuwa hivyo, anayemwendea daktari wa akili amsaidie kuacha. Mtazame usoni anapoomba msaada huo. Zile za 1944 na 1945 alizocheza John Carradine zinaweza kungoja.