Kuhamia mtaa mtulivu nje ya London: mwongozo kwa anayetoka Nakuru, Kisumu au Kakamega

Anayekwenda Uingereza kwa kazi ya uuguzi au masomo mara nyingi haishi London yenyewe. Kodi za nyumba humsukuma nje. Huishia Reading, Slough, Luton, Woking au Chelmsford, kwenye mtaa ambao asubuhi watu humiminika stesheni, na mchana barabara hubaki na magari yaliyoegeshwa tu. Hakuna keateka, hakuna mzee wa mtaa, hakuna Nyumba Kumi. Ukikosea, ni wachache watakaokuambia usoni. Utaandikiwa barua. Basi fungua kila barua siku inayoangukia mlangoni, hata kama haina jina la mtu.

Kabla ya kulipa nyumba

Ada ya kuonyeshwa nyumba, tuliyoizoea kwa maajenti wa hapa, imepigwa marufuku kule tangu 2019. Anachoruhusiwa ajenti ni amana ya kushikilia nyumba, isiyozidi kodi ya wiki moja, kisha amana kamili isiyozidi wiki tano kwa nyumba za kawaida. Amana hiyo lazima iwekwe kwenye mpango ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30, nawe upewe maelezo yake kwa maandishi. Anayekuomba utume pesa kabla nyumba haijaonekana, awe anatumia lafudhi ya nyumbani au ya ugenini, ni tapeli.

Pima mwendo wa miguu kutoka mlangoni hadi stesheni kwenye ramani, usitegemee tangazo. Halafu angalia mambo mawili ambayo wengi husahau: treni ya mwisho usiku ni ya saa ngapi, na treni ya kwanza ya Jumapili hutoka saa ngapi. Mtu wa zamu za hospitali anaweza kupata nyumba nzuri asiyoweza kuifikia.

Siku ya kuingia, piga picha kila doa ukutani, pamoja na mita za stima, gesi na maji. Bila hizo picha, kampuni itakadiria, na unaweza kulipia matumizi ya aliyehama.

Kuna pia kodi ya baraza la mji (council tax), ambayo kwa kawaida hulipwa na mpangaji. Nyumba hupangwa madaraja A hadi H kwa makadirio ya thamani yake mwaka 1991. Ukiishi peke yako, omba punguzo la asilimia 25; wanafunzi wa muda wote husamehewa, lakini ni lazima watume ombi. Ukikodi chumba tu katika nyumba ya wapangaji wengi, kwa kawaida deni hilo ni la mwenye nyumba. Malipo hugawanywa mara kumi, Aprili hadi Januari. Ukiruka mwezi mmoja unapewa barua ya siku saba. Ukiipuuza, unadaiwa mwaka wote uliobaki kwa mkupuo, na hatua inayofuata ni mahakama.

Treni

Matatu ya Kondele hungoja ijae. Treni huondoka hata ikiwa na abiria wawili, na milango hufungwa nusu dakika au zaidi kabla ya saa iliyoandikwa. Treni ikiwa ya saa 1:12 asubuhi, simama kwenye jukwaa saa 1:08. Soma ubao: baadhi ya treni hukatwa katikati ya safari, mabehewa ya mbele yakaenda mji mmoja na ya nyuma mwingine, na kwenye stesheni zenye jukwaa fupi milango ya mabehewa ya mwisho haifunguki.

Tiketi ndizo zinazokula pesa za wageni. Anytime hutumika saa yoyote na ndiyo ghali. Off-Peak ni nafuu lakini haikubaliwi asubuhi ya kazi. Stesheni nyingi zinazozunguka London huanza kuikubali kama saa tatu na nusu, na wikendi kwa kawaida siku nzima. Advance ni ya treni moja tu: ukichelewa mwenyewe, imekufa. Ukitumia Off-Peak kabla ya saa yake utaongezewa tofauti ya nauli. Ukikutwa bila tiketi, adhabu nchini Uingereza ni pauni 100 juu ya nauli, ikishuka hadi pauni 50 ukilipa ndani ya siku 21. Aliyenunua tiketi kwa punguzo la Railcard (theluthi moja ya nauli) huku kadi ameiacha nyumbani yumo hatarini vilevile.

Kugusa kadi ya benki kwenye geti ni rahisi, ila si stesheni zote zimo katika mpango huo. Ukigusa London kisha ukashukia stesheni isiyo na huduma hiyo, umesafiri bila tiketi. Tena tumia kitu kilekile kuingia na kutoka: ukiingia kwa simu ukatoka kwa kadi, hata kama akaunti ni moja, mashine huona safari mbili ambazo hazikukamilika na kutoza nauli ya juu kwa zote mbili.

Anayesafiri siku tano kwa wiki apige hesabu ya tiketi ya mwaka, ambayo bei yake ni ya tiketi 40 za wiki. Kwa siku mbili kwa wiki iko Flexi Season: siku 8 ndani ya siku 28, kati ya stesheni mbili zilezile. Muuguzi wa zamu tatu ndefu kwa wiki huhitaji safari za siku 12 katika kipindi hicho, kwa hiyo alinganishe Flexi moja pamoja na tiketi nne za kwenda na kurudi dhidi ya tiketi ya mwezi. Jibu hubadilika kwa njia na kwa saa za zamu. Treni ikichelewa dakika 15 (kampuni nyingine huanzia 30), dai fidia ya Delay Repay ndani ya siku 28. Kudai si aibu. Ni haki yako, na wenyeji hudai.

Jumapili na sikukuu ndizo siku za ukarabati wa reli, na hapo huletwa mabasi yanayosafiri polepole. Tarehe 25 Desemba karibu hakuna treni kabisa, na mabasi ni haba mno. Ukipangiwa zamu siku hiyo, tafuta wa kukubeba mapema.

Nyumba, baridi na kuvu

Plagi ni zilezile za pini tatu za Kenya, hivyo usinunue adapta. Shida ni unyevu. Huku tunaanika nje na jua linamaliza kazi. Kule Januari nguo huanikwa ndani, maji yote yakaingia hewani, yakatua kwenye ukuta baridi, na baada ya wiki chache kuna kuvu jeusi nyuma ya kabati. Mwenye nyumba atasema kosa ni lako, na mara nyingine atakuwa na haki.

Dawa yake ni hii. Anika kwenye chumba kimoja, mlango umefungwa na dirisha limeachwa wazi kidogo. Funika sufuria, funga mlango wa jikoni ukisonga ugali, washa feni ya kunyonya mvuke na uiache dakika 15 baada ya kupika au kuoga. Asubuhi fungua madirisha dakika kumi. Sogeza makabati mbali na kuta za nje, upana wa kiganja. Weka themostati kama nyuzi 18, isishuke sana; kuzima kabisa mchana kutwa na kuwasha kwa nguvu usiku hakukaushi ukuta. Boila (mtambo wa kupasha maji na nyumba joto) ikigoma, tazama kipimo cha presha: ikiwa baridi inatakiwa kati ya 1 na 1.5. Chini ya hapo, piga simu kwa mwenye nyumba, ambaye anapaswa kukagulisha vifaa vyake vya gesi kila mwaka. Jiko la makaa lisiwashwe ndani hata kidogo, kwa maana gesi yake ya sumu huua bila harufu ya kukuamsha.

Mita ya kulipia kabla hufanana na tokeni zetu, ila kuna ada ya kila siku inayoendelea hata nyumba ikiwa tupu. Ukija nyumbani mwezi mzima, iachie salio.

Mapipa na majirani

Rangi za mapipa hutofautiana kwa kila baraza, kwa hiyo usimwige rafiki wa mji mwingine. Chukua kalenda ya mtaa wako. Pipa hutolewa jioni ya kuamkia siku yake na kurudishwa likishamwagwa. Ukitia nepi au mabaki ya chakula kwenye pipa la kuchakata, wataliacha limejaa, na mifuko ya pembeni hawaigusi.

Nyumba nyingi hugawana ukuta na jirani. Mkesha wa maombi au sebene ya kuagana husikika upande wa pili kama mko chumba kimoja. Sheria ya kelele za usiku inahusu saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, ila baraza hupokea malalamiko ya mchana pia. Mkiwa na chama Jumamosi, tia kikaratasi milangoni mwa majirani wawili siku chache kabla, chenye saa ya kumaliza na namba yako, na waambie wageni wasizibe ukingo ulioinamishwa wa kuingilia gari. Hilo la magari huudhi kuliko muziki. Usimtembelee jirani bila taarifa; ila akikupokelea kifurushi, kifuate siku hiyohiyo.

Maduka makubwa Jumapili hufunguliwa kwa muda wa saa sita tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Unga wa ugali uko kwa Wahindi na Waafrika. Pengo la sukuma huzibwa na kale au spring greens. Nyama na mursik usibebe, zitachukuliwa uwanja wa ndege.

Leseni ya Kenya utaiendeshea miezi 12 tangu uwe mkazi, kisha ni mtihani wa nadharia na wa barabarani upya. Weka nafasi mapema, foleni ni ndefu. Na saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba: kiangazi Kisumu iko mbele kwa saa mbili, kipupwe kwa saa tatu, kwa hiyo ukitoka zamu saa mbili usiku mwezi wa Desemba, mama yako yuko saa tano.