Kubuni eneo la umma kwenye ufukwe wa Mwanza: mwongozo kwa wanafunzi wa usanifu majengo

Mwanafunzi anayepewa kazi ya kubuni eneo la umma jijini Mwanza, liwe bustani ya ufukweni, kituo cha daladala au soko la wazi, aanze na mchoro wa mkato, yaani unaoonesha eneo kana kwamba limekatwa wima na kutazamwa kutoka ubavuni, kabla ya kugusa ramani. Jiji hili limekaa juu ya vilima vya mawe ya granaiti vinavyoshuka hadi Ziwa Victoria, na mteremko huo ndio unaopanga mahali pa kukaa, njia ya maji ya mvua, ngazi na kivuli. Anayetanguliza ramani huishia na uwanja tambarare ambao Mwanza haina.

Chora mkato mrefu kutoka mlimani hadi majini kwa skeli ya 1:500, kisha uchague kipande kimoja ukichore upya kwa 1:50, akiwemo mtu aliyesimama, aliyeketi na aliyebeba mzigo kichwani. Pale ambapo hakuna ramani ya upimaji, futi kamba na mpira angavu uliojazwa maji, ambao mafundi ujenzi huutumia kupata usawa, vinatosha kabisa kwa mradi wa studio. Kila jiwe kubwa lioneshwe mahali lilipo, kwa urefu na upana wake. Naamini kwa dhati kwamba kupendekeza kulipasua jiwe ambalo watu tayari wanaliketia ni kuharibu samani bora kuliko yoyote tutakayoibuni.

Kazi inayohitaji subira zaidi ni kutazama. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba alfajiri, rudi mchana, rudi tena jioni, kwa sababu eneo moja hubeba shughuli tofauti kwa saa tofauti: wabeba mizigo na magunia ya dagaa asubuhi, mama lishe na wateja wao mchana, na wanaopunga upepo jua likishuka. Weka karatasi ya kupitisha mwanga juu ya mchoro wa eneo na uchore mapito ya watu jinsi yalivyo, hasa yale yanayokatiza pasipo na njia rasmi. Waulize wachuuzi kwa heshima, ukijitambulisha kwanza, wanahifadhi wapi bidhaa usiku na wanapata wapi maji na choo. Majibu hayo yatakupa orodha ya mahitaji iliyo ya kweli kuliko ile ya kwenye karatasi ya kazi.

Ukifika kwenye maji, kuna mipaka ya kuheshimu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hivyo ukanda huo uutumie kwa miti, nyasi na vijia, na majengo uyapandishe juu zaidi. Ukingo wenyewe hauko palepale daima: mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda na kuvuka kiwango cha juu kilichowekwa mwaka 1964. Chora basi mistari miwili ya maji kwenye mkato, wa kawaida na wa mafuriko, na ueleze ni nini kinaruhusiwa kulowa kati yake. Mto Mirongo, unaopita Mabatini na katikati ya jiji, unahitaji uangalifu uleule.

Kuhusu jua, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya ufukwe wa jiji inatazama magharibi. Paa pana humkinga mtu saa sita mchana, lakini saa kumi na moja jioni miale huingia chini yake na kumpiga usoni yule aliyeketi kutazama ziwa. Miti yenye matawi ya chini, au ukuta wa matundu, husaidia zaidi.

Njia ya kiti mwendo iwe na mwinuko usiozidi 1:12. Kupanda mita moja kunadai mita 12 za urefu, bila kuhesabu vituo vya kupumzikia, kwa hiyo itengewe nafasi tangu mchoro wa kwanza.

Modeli ijengwe kwa tabaka za katoni zenye unene wa milimita 2, kila tabaka ikiwakilisha mita moja ya kimo kwa skeli ya 1:500. Kabla ya kuiwasilisha mbele ya wahadhiri, ipeleke kwa wachuuzi uliowahoji, uwaombe wakuoneshe kwa kidole wangeweka meza zao wapi, kisha urekebishe.