Kuendesha mdahalo wa KANU na KADU darasani kwa dakika 80

Vipindi viwili mfululizo vinatosha, hata kwa darasa la wanafunzi 40. Wanaoshindana ni vyama viwili vya Kenya vya kabla ya uhuru: KANU, kilichotaka serikali kuu yenye nguvu, na KADU, kilichotaka majimbo, yaani mamlaka yagawiwe mikoa. Kinachoharibu mdahalo huu mara nyingi ni mada yenyewe. Ukiandika ubaoni "Je, majimbo yalikuwa mazuri?", baada ya dakika kumi wote watakuwa wanabishana kuhusu magavana wa leo. Kwa hiyo funga tarehe: tuko Lancaster House, London, kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya, Machi 1962. Kenyatta ameachiliwa Agosti iliyopita, uhuru bado, na uchaguzi ujao hakuna ajuaye nani ataushinda. Atakayetaja kaunti 47, mwenyekiti agonge meza na hoja yake isihesabiwe.

Andaa kadi nane. KANU: Kenyatta, Odinga, Mboya, Gichuru. KADU: Ngala, Muliro, Moi, Towett. Kila kadi iwe na mistari mitatu: jina, chama, na jambo ambalo mtu huyo analihofia. Mstari wa tatu ndio wenye kazi. Bila huo, KADU watakariri tu kwamba wanatetea makabila madogo, na KANU watajibu "umoja" hadi kengele ilie. Teua mwenyekiti na mtunza saa. Waliobaki ni wapiga kura, na kila mmoja aandike swali moja kabla hamjaanza, la sivyo watalala.

Dakika 10 ni za utangulizi, kisha mambo matatu, dakika 15 kila moja.

Ardhi itangulie. Walowezi wanaondoka: nani ataamua mashamba ya Bonde la Ufa yamwendee nani? Hapa kuna anayesema KADU walikuwa vibaraka wa wazungu, kwa kuwa chama cha Michael Blundell kiliwaunga mkono. Waruhusu KANU waseme hivyo, kisha mpe nafasi anayemwakilisha Ngala. Pwani ilikuwa na kilio chake cha ardhi, na Ngala huyohuyo hakukubaliana na watu wa Mwambao waliotaka ukanda wa pwani ujitenge na Kenya. Majimbo na Mwambao ni vitu viwili. Wanafunzi huvichanganya kila mwaka.

Polisi ni la pili: wawe chini ya Nairobi au chini ya jimbo? Lipitishe haraka.

La tatu ni namna ya kubadili katiba. Fanya hesabu ubaoni. Katiba iliyotokana na mazungumzo hayo ilikuwa na Seneti ya watu 41, na vifungu vilivyolindwa zaidi vilihitaji tisa ya kumi ya maseneta ili vibadilishwe. Tisa ya kumi ya 41 ni 36.9, yaani maseneta 37. Basi maseneta watano tu wangeweza kuzuia mabadiliko. Waulize KADU kama wanajiona salama. Watasema ndiyo, na ni sawa, waache wafurahi kwanza.

Kura ichukue dakika 10. Ipigwe kwa kila jambo peke yake, si kwa chama; darasa linaweza kuipa KADU ardhi na kuipa KANU polisi, na hapo ndipo mazungumzo yananoga.

Dakika 15 za mwisho, waambie wageuze kadi. Nyuma umeandika yaliyofuata. KANU walishinda uchaguzi wa Mei 1963, na majimbo yakabanwa kwa fedha. Wabunge wa KADU wakaanza kuhama, na tarehe 10 Novemba 1964 chama kikajivunja chenyewe. Ile kinga ya maseneta watano ikawa haina wa kuitumia. Nyuma ya kadi ya Odinga: Aprili 1966, ajiuzulu umakamu wa rais, aongoza chama cha upinzani, KPU, dhidi ya serikali kuu aliyoipigania. Nyuma ya kadi ya Moi: makamu wa rais 1967, rais 1978.

Usiwafasirie. Waliokuwa na kadi hizo mbili wabadilishane viti, kisha kila mmoja ajibu swali moja kuhusu polisi kutoka kwa wapiga kura.