Kumuombea SSI ndugu mwenye ugonjwa wa akili hapa Marekani: usimpambe kwenye fomu

Familia nyingi za kwetu hapa Marekani zina mtu ndani, kaka, binti, shangazi, ambae akili haijatulia miaka sasa, kazi hafanyi na nyumba nzima inambeba kimyakimya. Ukiwauliza mmeshamuombea SSI, hela za ulemavu za serikali, wanakwambia aa ile ni ya watu wa viti vya magurudumu. Si kweli kabisa. Skizofrenia, baipola, sonona kali, kiwewe cha vita kisichoisha, vyote Social Security, ofisi ya serikali inayotoa hizo hela, wanavihesabu ilimradi vimemzuia au vitamzuia mtu kufanya kazi kwa angalau miezi 12. Ila hawampi mtu kwa sababu ya jina la ugonjwa, wanampa kwa sababu ya yale ugonjwa umemfanya ashindwe, na hapo ndo watu wetu wengi wanapoangukia.

Kwanza jua unaomba nini. SSDI ni ya aliyefanya kazi na kukatwa kodi miaka ya kutosha. SSI ni ya mwenye kipato kidogo hata kama hajawahi kufanya kazi, mwaka 2026 ni mpaka dola 994 kwa mwezi, na asiwe na akiba ya zaidi ya dola 2,000. Kwenye majimbo mengi akipata SSI na Medicaid, bima ya afya ya serikali, anapata, na kwa mgonjwa wa kudumu hiyo Medicaid wakati mwingine ina thamani kuliko hela zenyewe. Kuna na mlango wa tatu ambao watu hawaujui, kama hajaoa au kuolewa na ugonjwa ulimuanza kabla hajafika miaka 22, na mzazi alifanya kazi hapa akastaafu, akawa mlemavu au akafariki, anaweza kulipwa kwa jina la mzazi. Uliza hilo kwa mdomo wako, usisubiri uambiwe.

Waliokuja kama wakimbizi wanaruhusiwa SSI lakini kwa miaka 7, baada ya hapo mara nyingi inakatwa mpaka awe raia. Kwa hiyo msingoje ule wa saba kuanza kuhangaika na uraia. Na kama ugonjwa unamzuia kujifunza Kiingereza na ile historia ya mtihani, daktari anaweza kumjazia fomu ya N-648 aombewe msamaha wa mtihani. Mwenye green card ambae hakuja kwa ukimbizi kwake ni kugumu, mara nyingi wanataka pointi 40 za kazi, ambayo ni kama miaka 10, ingawa za mume au mke zinaweza kuhesabiwa pia.

Sasa piga simu, 1-800-772-1213, leo leo hata kama hujakusanya karatasi hata moja, useme unataka kumuombea SSI na waandike tarehe. SSI hailipi miezi ya nyuma kabla ya maombi, ndo maana hiyo tarehe ni hela, na ukishaipata una siku 60 za kukamilisha. Sema unataka mkalimani wa Kiswahili, ni bure na ni haki yako. Tafadhali msimtumie mtoto wa darasa la nane kutafsiri habari za baba yake kusikia sauti, mtoto atapunguza makali na pia mnamuumiza.

Karatasi: vyeti vya kutoka hospitali, majina ya kliniki zote, dawa zote na zinavyomfanya (kama zinamlaza mpaka saa nane mchana andika, hiyo nayo inahesabiwa), barua za kufukuzwa kazi. Kama alianza kuugua kwenye kambi ya wakimbizi, Nyarugusu au Kakuma, fungua ule mfuko wa plastiki wa IOM (shirika la uhamiaji lililowasafirisha) mliokuja nao mkononi kwenye ndege, mle ndani mna karatasi za vipimo vya afya na wakati mwingine daktari wa kule alishaandika kitu. Mchungaji au sheikh aliyemuombea hahesabiwi kama daktari, lakini anaweza kuandika barua ya alichokiona kwa macho yake, kwamba alitoka katikati ya ibada anapiga kelele, tarehe fulani. Ila bila rekodi za kliniki hamfiki mbali, kwa hiyo kama alikuwa anatibiwa kwa maombi tu, apelekwe kliniki wiki hii.

Haya, tufike kwenye fomu. Utapewa ya mgonjwa na wewe ndugu utapewa yako, SSA-3380, inauliza siku yake inaendaje. Wanaoipitia wanaangalia mambo manne: kuelewa na kukumbuka, kukaa na watu, kutulia kwenye jambo mpaka liishe, na kujimudu mabadiliko yakija. Akiwa ameshindwa kupita kiasi kwenye moja, au vibaya kwenye mawili, ana nafasi kubwa.

Sasa sisi tumelelewa kusitiri. Fomu inauliza anapika? Mama mtu anaandika ndiyo anapika. Ukikaa nae vizuri unakuta kijana aliweka sufuria ya ugali akaenda kulala, ikaungua mpaka kengele ya moshi ikaita jengo zima, na tangu hapo akisogea jikoni mama anasimama pembeni anamwambia koroga, punguza moto, zima. Hiyo ndo ya kuandika, yote, maana "anapika" peke yake kwa msomaji wa ofisini ina maana huyu anaweza kuajiriwa mgahawani. Anaoga? Anaoga baada ya siku ngapi na anaambiwa mara ngapi. Anaenda dukani? Na nani, na aliwahi kurudi njiani kwa sababu aliona anafuatwa? Usiandike siku yake nzuri kama vile ndo zote, andika siku mbaya zikoje na kwa mwezi zinakuja ngapi. Na usiongeze chumvi, kudanganya ni kosa na kutaonekana, wala haihitajiki, ukweli wenyewe unatosha ukiuandika wote.

Kliniki hivyo hivyo. Daktari anauliza anaendeleaje, sisi tunajibu kwa adabu, tunamshukuru Mungu anaendelea vizuri. Daktari anaandika anaendelea vizuri, na miezi mitano baadae mtu anasoma hiyo sentensi kwenye faili na kukataa maombi. Mshukuru Mungu alafu endelea, sema usiku halali, amevunja simu, anaongea na asiyekuwepo.

Kazi alizojaribu zitajeni pia, msizifiche. Kijana aliyedumu wiki chache kwenye kiwanda cha nyama akatolewa kwa kuongea peke yake kwenye laini, huo ni ushahidi kwamba alijaribu akashindwa. Tatizo linakuja akiwa anaingiza zaidi ya dola 1,690 kwa mwezi, hapo mara nyingi wanasema huyu anafanya kazi.

Wanaweza kumpeleka kwa daktari wao, apointimenti fupi tu. Lazima aende. Omba uingie nae au useme yako kando, maana wengi wakifika wanajikaza wanasema niko poa sina shida. Na kama hataki hata kusaini, kwa kuwa haamini kama anaumwa, usibishane nae kuhusu ugonjwa, ongea kuhusu hela ya kodi ya nyumba na matibabu. Akiwa kweli hawezi kusaini kwa hali yake, waambie ofisini, ndugu anayemtunza anaweza kuruhusiwa kuweka sahihi kwenye maombi.

Wakikataa, na mara ya kwanza wengi wanakataliwa, msianze maombi mapya, kateni rufaa ndani ya siku 60. Rufaa ya kwanza nayo ikigonga mwamba unaenda kwa jaji, na hapo tafuta msaada wa kisheria wa bure au wakili wa Social Security, analipwa mkishinda tu, asilimia 25 ya malimbikizo (zile hela zilizorundikana mkisubiri) na kwa kawaida haizidi dola 9,200. Anayetaka hela mfukoni mwako kabla, achana nae.

Mkipewa na yeye hawezi kushika hela, omba uwe mpokeaji wake rasmi, karatasi ya uwakilishi kutoka kwa mwanasheria hawaitambui kwa hilo. Fungua akaunti ya peke yake, tunza risiti za kodi ya nyumba, chakula, nguo. Malimbikizo makubwa ya SSI yanakuja kwa mafungu matatu, miezi 6 kati. Akikaa kwako bure kabisa wanaweza kumpunguzia karibu theluthi, kwa hiyo achangie kodi na muandikiane.

Na wale mnaopanga kumpeleka nyumbani akatibiwe kwa mtaalamu wa kijijini: akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo SSI inasimama, na akirudi lazima akae tena siku 30 ndo ianze kuhesabika. Toeni taarifa kabla ya kukata tiketi, maana wakigundua wenyewe watadai warudishiwe.