Namna ya Kuandaa Uchaguzi Mkuu wa Nchi ya Kubuni

Anayebuni nchi kwa ajili ya riwaya, mchezo au zoezi la darasani mara nyingi huanza kwa kumteua mshindi, kisha akatafuta takwimu za kumpamba. Utaratibu huo ni afadhali ugeuzwe: ziandikwe kanuni kwanza, kura zigawanywe, halafu hesabu yenyewe imtangaze mshindi, kwa kuwa matokeo yaliyopikwa hujulikana hata kwenye karatasi.

Anza na kiwango cha ushindi wa urais, ikiwa nchi yako ina rais anayechaguliwa na wananchi moja kwa moja. Nchini Tanzania mgombea mwenye kura nyingi kuliko wenzake hushinda hata asipofikisha nusu, ilhali Kenya humtaka apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47, na asipopatikana wa kutimiza hayo huitishwa duru ya pili. Sharti hilo la kaunti linafaa sana kwa nchi ya kubuni yenye mikoa isiyoaminiana, maana humlazimu mgombea kuomba kura hata mahali ambapo hana ngome.

Bunge ndilo linalohitaji kalamu na karatasi. Tuseme jimbo moja lina viti vitano, na vyama vitatu vimepata kura 48,000, 33,000 na 19,000. Kwa kanuni ya D'Hondt, kura za kila chama hugawanywa kwa moja, mbili, tatu na kuendelea, kisha viti hupewa matokeo makubwa zaidi, ambayo hapa ni 48,000, 33,000, 24,000, 19,000 na 16,500. Chama cha kwanza kinapata viti viwili, cha pili viwili na cha tatu kimoja. Chama kinachoongoza kimekosa kiti cha tatu kwa sababu theluthi ya kura zake ni 16,000 tu. Kingeongezewa kura 1,501, kiti cha mwisho kingekuwa chake. Hapo ndipo penye kisa, na usingekipata kwa kukisia asilimia. Kura hizohizo zikipigwa katika jimbo la mbunge mmoja, chama cha kwanza kinaondoka na kiti, na wapiga kura 52,000 wanabaki bila mwakilishi waliyemtaka.

Ukichagua uwiano, yaani kugawa viti kulingana na kura za kila chama, weka pia kizingiti, yaani kiwango cha chini cha kura ambacho chama kisipokifikia hakipewi kiti. Ujerumani kwa kawaida hukiweka katika asilimia 5, ilhali Uholanzi, yenye viti 150 katika baraza lake la wawakilishi, haina kizingiti zaidi ya kura za kutosha kiti kimoja, na ndiyo maana vyama vidogo ni vingi huko na serikali huundwa kwa miungano.

Siku yenyewe ya kupiga kura isibuniwe juu juu. Gambia ilitumia gololi kwa miongo mingi: mpiga kura aliidondosha katika pipa la mgombea wake, na kengele iliyomo ndani ikalia mara moja, hivyo aliyejaribu kupiga mara mbili alisikika. Njia yoyote utakayobuni ijibu maswali yaleyale, yaani siri inalindwaje, anayerudia anatambuliwaje, na mawakala wa vyama wanaona nini wakati wa kuhesabu. Rangi za karatasi na nembo za vyama zinaweza kungoja.

Mwisho, panga kalenda ya baada ya kura: siku za kutangaza matokeo, za kufungua kesi, za hukumu na za kuapishwa. Nchini Kenya, ombi la kupinga matokeo ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa na huamuliwa ndani ya siku 14 tangu kufunguliwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo, na uchaguzi ukarudiwa ndani ya siku 60. Siku hizo ziandikwe katika sheria za nchi yako kabla hujaanza kugawa kura hata moja.